Rangi ya Mabati

Mume wangu alikuwa mtu wa kupaka rangi. Watu wa kwetu, upande wa Chwele, hawana tabia hiyo. Bati likipata kutu linaachwa lizeeke pamoja na mwenye nyumba. Lakini yeye alitoka kwa watu waliohamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati, watu walionunua shamba kwa jasho na kulitunza kwa wasiwasi, na kwao chuma kisichopakwa rangi kilikuwa aibu ya familia nzima. Kila baada ya miaka michache alipanda juu ya nyumba akapaka paa rangi nyekundu, ile nzito ya mabati inayonuka wiki nzima. Haikutokea hata siku moja rangi ikatosha sawasawa. Ilibaki, na ikibaki haikutupwa. Lango letu lilikuwa jekundu. Wilbaro ilikuwa nyekundu, na miguu ya kitanda, na tangi la maji, na viti vya mbao vya sebuleni, na banda la kuku mpaka ndani walikotagia. Siku moja nilimwambia naogopa kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu, asije akaniletea brashi. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema magotini kweli naona kutu kidogo.

Pikapu yetu ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Ilibeba mahindi, ikabeba mbolea, ikanibeba mimi nikiwa na uchungu wa kuzaa, mara mbili. Ndiyo niliyojifunzia kuendesha, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, yeye ameketi kando yangu ameishika dashibodi kwa mikono miwili, anasema polepole mama, hayo ni mabua, si adui zako. Kufikia katikati ya miaka ya elfu mbili sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiketi unaona barabara ikipita kati ya viatu vyako. Watoto walikuwa wameshaondoka nyumbani, naye amestaafu kazi yake ya afisa wa kilimo, ana mikono miwili isiyo na shughuli. Mwezi wa Desemba akaamua kuitengeneza mwenyewe, pale pale uani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimekataa kuziba.

Alimwita mtu wa kuchomelea akatia sakafu mpya na kisahani kipya cha kukalia betri. Mengine yote alifanya yeye. Alifungua betri, akafungua taa, akachomoa waya zote na kuzilaza juu ya gunia kwa mpangilio anaoujua mwenyewe, akasugua kutu kwa brashi ya waya siku tatu. Kisha akapaka rangi. Rangi gani, huna haja ya kuniuliza. Alipaka chesisi, akapaka sakafu, akapaka ndani yote chini ya boneti, hata pembe ambazo hakuna mtu angewahi kuziona isipokuwa panya. Rangi ilipokauka akarudisha waya mahali pake. Ijumaa jioni akaja jikoni ananuka mafuta ya taa, amefurahi kama mtoto wa shule, akasema amemaliza, kuna kitu kimoja kidogo tu kimebaki, atakifanya kesho.

Jumamosi asubuhi nilimkuta sakafuni bafuni, mswaki bado uko mkononi.

Kilikuwa kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, mkono na mguu wa kulia umelala, na maneno yote yamemtoka ila moja. Neno lenyewe lilikuwa kesho. Unataka uji? Kesho. Unaumwa wapi? Kesho. Mchungaji alikuja akamwombea kwa sauti ya kutikisa madirisha, na tulipoitikia amina yeye akasema kesho. Kuandika hakuweza, nilimwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto ikatoa michirizi tu. Kichwa alikitikisa ovyo, ndiyo pale penye hapana. Daktari alinieleza kwamba ubongo umeumia upande wa maneno, lakini kama akili yenyewe imeumia, yeye hawezi kujua.

“Wewe mwongeleshe tu, mama,” akasema. “Wakati utaonyesha.”

Basi nikabaki na swali moja, nikaishi nalo miezi minne. Je, mume wangu yumo humo ndani, au nimeachiwa mwili wake niuoshe na kuulisha?

Mwezi wa kwanza nilimwongelesha kama nilivyoambiwa. Nilimsomea gazeti. Nilimweleza habari za darasa langu la tatu, nani ameiba chaki, nani hajui bado saa. Mwezi wa pili nikaanza kuchoka, maana mtu huongea akijibiwa, na kuongea bila jibu ni kazi kama kuchota maji kwa ungo. Mwezi wa tatu nilikuwa naongea juu yake, si naye. Sikuamua. Uchovu ndio ulioamua.

Na hapo akaanza kukwangua. Alikuwa akiketi siku nzima sebuleni kwenye kiti kimoja cha mbao, chekundu kama ndugu zake, na kwa mkono wa kushoto akawa anakwangua rangi kwenye mkono wa kiti. Alianza kwa ukucha. Akapata kizibo cha soda, sijui wapi, akakwangua kwa hicho hadi mbao ikaonekana, kiduara kidogo kama shilingi. Akimaliza kimoja anaanza kingine kando yake. Nilimnyang'anya kizibo, akatumia kijiko cha chai. Nilimnyang'anya kijiko, akarudia ukucha mpaka kidole kikatoa damu. Kila nilipompita alinionyesha kile kiduara kwa kidole, akasema kesho, kesho, kwa hasira, na mimi nikamjibu ndiyo baba, nimeona, umeharibu kiti.

Mwishowe nilimvika soksi mkono ule mzima, nikaifunga kwenye kifundo kwa kamba ya kiatu. Ilikuwa soksi yangu ya kanisani. Nilijiambia ni kwa ajili ya kidole.

Siku za Jumanne ilibidi nimpeleke Lugulu, kwenye hospitali ya misheni, ambako mama mmoja mpole mwenye mikono ya chuma alimnyoosha mkono na mguu. Huyo mama aliniambia wazi kwamba tukikosa wiki mbili tatu, ule mkono utajikunja na hautafunguka tena. Matatu hakuweza kupanda. Kwa hiyo nikawa nategemea pikapu, na pikapu, tangu itoke mikononi mwake, ilikuwa imeingiwa na wazimu.

Niliwasha indiketa ya kushoto, waipa za kioo zikaamka. Nilikanyaga breki, taa za mbele zikafifia. Nikikata kona ya kulia honi ilijililia yenyewe, na watu wa Kiminini wakadhani nawasalimia, wakawa wananipungia mkono kila Jumanne. Hilo lingenichekesha mwaka mwingine. Stata ndiyo iliyoniliza. Asubuhi hii inawaka vizuri, asubuhi ifuatayo nazungusha ufunguo inasema ta! na kunyamaza, nami nasimama barabarani na nguo zangu za kazi kutafuta majirani wa kusukuma. Mara moja nilishika choki, kile kishikio cha kuvuta wakati wa baridi, kikaniunguza vidole. Choki! Kitu kisicho hata na umeme.

Fundi wa waya wa Kitale, mji wetu wa karibu, alikuja nyumbani mara tatu. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, anabeba kitaa chake cha kupimia shingoni.

“Hii gari nani aliguza, mama?”

“Mume wangu.”

“Kwani ni fundi?”

“Alikuwa afisa wa kilimo.”

“Aa,” akasema, na hakuuliza tena.

Alibadilisha fyuzi, akabadilisha swichi ya indiketa, akafungua tepu na kufunga tepu. Kwa kuwa nilisimama pale nimemshikia spana, alinieleza. Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya, ukawasha taa, lakini haurudi kwa waya. Unarudi kwa bodi lenyewe. Chuma chote cha gari ni njia ya kurudia nyumbani, na ile waya nyeusi nene iliyofungwa kutoka betri hadi kwenye bodi ndiyo mlango. Mlango ukiwa mbaya, umeme unatangatanga, unaingia popote, hata kwenye choki. Nikamuuliza kama mlango wetu ni mbaya. Akaugusa kwa kitaa chake, kikawaka. Akaivuta bolti, haikutikisika.

“Hapana, hapa ni safi bana. Ona, kama ya duka.”

Rangi ya hapo ilikuwa safi kweli. Nyekundu, inang'aa. Kila mara alipoondoka gari lilikaa siku mbili tatu na akili zake, kisha likarudia.

Dada yangu mkubwa alikuja kututembelea kutoka Chwele, amebeba kuku na ndizi. Yeye ni mtu wa kusema. Aliketi mkabala na mume wangu, akamtazama na soksi yake mkononi, akaanza kulia, kisha akafuta macho akageuka kwangu.

“Sasa huyu atarara hapo mpaka lini?” akauliza. Mume wangu alikuwa akitucheka kwa hiyo “kurara” yetu badala ya kulala tangu mwaka wa harusi. Siku hiyo hata sikumtazama kuona kama amecheka. “Na wewe umekwisha, mdogo wangu. Jiangalie. Umebaki mifupa.”

Nami nikasema. Sikunong'ona wala sikuingia jikoni kwanza. Nilisema pale pale, na chai mkononi, kwamba ingekuwa heri Mungu angemchukua asubuhi ile ile bafuni, kuliko kuniachia gogo. Dada akasema usiseme hivyo. Lakini alisema kwa adabu tu, kama mtu anayekataa kikombe cha pili.

Ni yeye aliyeniambia kuna fundi mzuri Bungoma mjini, anayetengeneza waya za malori. Jumanne iliyofuata, baada ya mazoezi, badala ya kurudi nyumbani nilishika njia ya Webuye hadi Bungoma, mume wangu kando yangu, honi ikilia kila kona. Fundi huyo alifungua boneti, akazungusha macho, akasema hapa hakuna kubahatisha, ni kung'oa waya zote kuweka mpya, na gari libaki kwake wiki mbili. Wiki mbili ni Jumanne mbili. Nilikuwa bado nawaza, mume wangu akaanza kupiga dashibodi kwa mkono wenye soksi. Kesho! Kesho! Alipiga mpaka uso ukabadilika rangi.

“Mzee anasema nini?” fundi akaniuliza.

“Hasemi kitu,” nikamjibu. “Akili ilishaenda. Ni neno tu limebaki.”

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kutoka mdomoni kwangu hadi sikioni kwa mume wangu hapakuwa hata hatua moja. Nakumbuka aliacha kupiga. Nikashukuru kwamba ametulia, nikafunga boneti, tukarudi nyumbani bila kuacha gari.

Jumanne mbili baadaye mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kulipopambazuka ikapungua, nikamtoa nje nikamketisha kwenye kiti chake chini ya paa la kibanda cha gari, mkongojo kando, ili nipashe injini moto kwanza. Mazoezi yalikuwa yamemsaidia; aliweza kusimama na kupiga hatua chache akiegemea kitu. Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Ta! Nikazungusha tena. Hata hiyo ta haikuja. Kulikuwa na tope la kufika vifundoni na hapakuwa na mtu wa kusukuma. Nilifungua boneti nikasimama mbele yake bila kujua natafuta nini. Sikuwa na huzuni, nataka niseme ukweli. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na anwani.

Nikamgeukia nikapaza sauti. “Wewe na rangi yako! Nani alikutuma? Nani alikutuma kuguza hii gari?”

Alikuwa amekwisha kusimama. Soksi alikuwa ameivua kwa meno, inaning'inia kwenye kamba yake. Akaja hatua tatu, mguu mmoja ukiburuta, akaegemea bampa, akaingiza mkono wa kushoto ndani ya boneti, akaanza kukwangua.

Nilimpiga kofi mkononi. Kofi la kumkanya mtoto anayechovya kidole kwenye sukari. Lilitoa sauti.

Hakuuondoa mkono. Alinitazama, na sijui niseme nini juu ya mtazamo ule isipokuwa kwamba niliufahamu. Ni vile alivyonitazama shambani nilipokuwa nakanyaga mafuta badala ya breki. Kisha akasema kesho, polepole, akatia ukucha tena pale pale. Nikaangalia ukucha ulipo. Ulikuwa kando ya ile bolti ya waya nyeusi, mlango wenyewe, juu ya ile rangi safi kama ya duka. Akachora kwa ukucha kuizunguka bolti. Kiduara kidogo kama shilingi.

Nikamsikia tena kama Ijumaa ile jikoni, ananuka mafuta ya taa. Kitu kimoja kidogo kimebaki. Atakifanya kesho.

Nilikwenda kuchukua spana na kijiko cha chai. Bolti ilikuwa imekaza, nikailegeza kwa mikono miwili. Nilipoiinua ile waya, chini yake palikuwa pekundu, panene, hapana mkwaruzo, rangi ya mabati kama paa la nyumba. Alikuwa amepaka kwanza akafunga waya juu yake, na umeme ulikuwa unarudi kwa kupenya kwenye nyuzi za bolti, siku ukipata, siku ukikosa. Nikakwangua. Naye alinishikia waya pembeni kwa mkono wa kushoto, na nilipotaka kuacha mapema aligonga bodi kwa kidole, bado. Nikaendelea mpaka chuma kikawa cheupe. Nikarudisha, nikakaza, akaivuta yeye mwenyewe kuhakikisha.

Gari liliwaka mara moja. Nikaweka indiketa ya kushoto, ikapepesa bila haraka, waipa zikalala. Nikakanyaga breki na kutazama mwanga wa taa kwenye ukuta wa kibanda. Haukutetereka.

Ningepaswa kushangilia. Nilipata jibu la swali langu la miezi minne, na lilikuwa jibu nililoliomba kwa magoti: yumo. Nikamsaidia kupanda, nikamfunga mkanda, nikazunguka nikaketi mbele ya usukani, na hapo ndipo lile jibu lilipofika mahali pake. Yumo. Basi alikuwemo Bungoma, mlango ukiwa wazi. Alikuwemo nilipomfunga soksi yangu ya kanisani kwenye mkono uliokuwa unajaribu kuniambia. Alikuwemo sebuleni, hatua mbili kutoka kikombe changu cha chai, niliposema heri Mungu angemchukua.

“Baba,” nikamwita. “Siku ile na dada. Ulisikia?”

Nilingoja aseme kesho. Miezi minne nilikuwa nimelichoka neno lile hadi nilitamani kuziba masikio, na asubuhi hiyo nililingoja kwa hamu. Hakulisema. Aliugeuza uso wake dirishani, upande wa lango lake jekundu.

Nikaingiza gia ya kwanza. Niliongea naye kutoka langoni, nikaongea Kiminini nikikata kona na honi imenyamaza, nikaongea Kamukuywa, bila kujibiwa na bila kuchoka. Tulipofika Lugulu yule mama wa mazoezi akatufungulia mlango, nami nilikuwa bado sijamaliza kuomba msamaha.